Upande Gani wa Meru

Mchoraji wa mandhari ya jukwaa akiwa Dar es Salaam ana uhuru mkubwa. Akitakiwa kuchora bahari, achore bahari; hakuna mtazamaji atakayesimama kumwambia kwamba wimbi lile limekaa vibaya. Arusha uhuru huo haupo. Kaskazini mwa jiji umesimama mlima wa mita 4,566, na kila atakayeketi kwenye benchi kutazama igizo ameuona tangu akibebwa mgongoni na mama yake. Anajua bega lake liko wapi. Anajua wingu hukaa saa ngapi, na likikaa hufunika mpaka wapi. Ukiuchora vibaya, mtazamaji huyo hatakwambia kitu, ila ataacha kuliamini jukwaa zima, na waigizaji watalipa deni lisilo lao.

Kosa la kwanza ni theluji. Wanafunzi wakiambiwa wachore Meru kwa ajili ya igizo la shule, wengi huanza na kofia nyeupe kileleni. Kofia hiyo ni ya Kilimanjaro, ulio kama kilomita 70 upande wa mashariki, na imetuingia akilini kupitia lebo za chupa, kalenda na vitabu vya jiografia mpaka tunadhani kila mlima mrefu lazima uivae. Meru hauna theluji ya kudumu. Siku chache za baridi na mvua huamka umepakwa weupe juu, na jua likipanda weupe huo unakwisha. Rangi zake za kweli ni ngumu zaidi kuchora na ni nzuri zaidi: chini kijani kilichoiva cha migomba na kahawa, juu yake msitu unaoelekea weusi, kisha ukanda wa vichaka na majani makavu, na mwisho mwamba wa kijivu wenye kutu. Mchoraji akizipata hizo nne kwa mpangilio wake, hata umbo likiyumba kidogo watu wataujua mlima wao.

Kosa la pili ni jua. Kuna mazoea ya kuchora jua likichomoza nyuma ya mlima, miale imetawanyika kama kwenye bendera za vyama. Simama Kijenge au karibu na Mnara wa Saa alfajiri utazame: Meru uko kaskazini, na jua linatoka mkono wako wa kulia. Haliwezi kutokea nyuma ya kilele mwezi wowote wa mwaka. Linachofanya ni kuukwangua mlima ubavuni, upande wa kulia ukang'aa na wa kushoto ukabaki buluu mpaka asubuhi ikomae. Kwa jukwaa hii ni habari njema, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha makunyanzi ya mabonde. Mlima uliomulikwa kutoka nyuma unabaki kivuli tu.

Lakini kabla ya rangi na kabla ya jua kuna swali ambalo mwongozaji na mchoraji wanapaswa kulimaliza mezani, na mara nyingi halimalizwi kwa sababu hakuna aliyeliuliza: upande gani wa Meru?

Mlima huu una nyuso mbili zisizofanana. Ukiwa mjini unaona pembe kamili, mteremko mrefu kushoto na mteremko mrefu kulia, mlima mzima. Zunguka mashariki, pita Usa River, panda mpaka Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na mlima ule ule unakuonyesha tumbo lake. Miaka kama 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka wote. Mawe na tope vilisambaa mbali kwenye tambarare, vikaacha vilima na mashimo, na baadhi ya mashimo hayo yakajaa maji yakawa maziwa ya Momella. Kilichobaki juu ni ukuta wa mwamba unaofikia karibu mita 1,500, umejipinda nusu duara, na katikati yake umeota mlima mwingine mdogo wa majivu. Kazi ya volkano iliyoandikwa mara ya mwisho ni ya mwaka 1910.

Kwa hiyo kuna Meru uliokamilika na Meru uliopasuka. Igizo la familia ya Sakina au Ngarenaro, mjini, linahitaji ule wa kwanza, kwa sababu ndio wahusika wanaoufungulia dirisha kila siku. Igizo la watu wa mashariki ya mlima likipewa pazia lenye pembe kamili limehamishiwa mjini bila ruhusa yao. Na saa nazo zinageuka: Momella mlima uko magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linaingia moja kwa moja ndani ya kreta na kuonyesha kila ufa, na jioni mlima wote unakuwa ukuta mweusi wenye anga nyekundu nyuma. Yule aliyekatazwa kuweka jua nyuma ya Meru huku mjini anaruhusiwa kule, mradi liwe la machweo.

Uso huo wa mashariki ndio uliopelekwa duniani na sinema. Howard Hawks alikuja na kikosi chake mwishoni mwa mwaka 1960, akapiga filamu ya Hatari! iliyotoka 1962, John Wayne akiwa mkamata wanyama, na Momella ikiwa nyumbani kwa wahusika. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda nchi ile akanunua shamba pale pale. Mandhari ya nje yalipigwa huku, yale ya ndani ya nyumba yakapigwa studio kule Hollywood. Kamera inaweza kuufuata mlima ulipo. Jukwaa haliwezi, na ndiyo maana jukwaa linamhitaji mchoraji.

Tuulize basi kama jukwaa letu liliwahi kumhitaji. Kwa karne nyingi halikumhitaji. Ngoma, majigambo, hadithi za jioni, mikutano ya wazee chini ya mti, vyote hivi hukaliwa kwa duara, na penye duara hakuna nyuma. Pazia lolote litakalotundikwa litawaziba nusu ya watu. Pazia lililochorwa linataka hadhira yote iketi upande mmoja. Utaratibu huo una historia yake ya mbali. Mwandishi wa Kirumi Vitruvius anasimulia kwamba mchoraji Agatharchus aliwachorea Wayunani mandhari wakati wa mtunzi wa tamthilia Aeschylus, na msanifu majengo Mtaliano Sebastiano Serlio, katika kitabu chake cha mwaka 1545, akaonyesha jinsi ya kuifanya mitaa iliyochorwa iendelee mbali kwa kufuata kanuni za macho. Kwetu ulikuja na shule za misheni na kumbi za wakoloni: ukumbi wa Donovan Maule ulifunguliwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1940, Kenya National Theatre mwaka 1952.

Waliofuata baada ya uhuru waliliangalia pazia hilo kwa shaka, na walikuwa na haki. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, anaibeba nchi nzima ya Maji Maji kwa maneno na miili ya watu. Kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru kilijijengea ukumbi wa wazi mwaka 1977 kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mandhari yake ilikuwa anga na watu wenyewe. Serikali ililizuia igizo, na mwaka 1982 ikauvunja ukumbi. Nikikumbuka mifano hiyo najiuliza kila mara kama igizo lililo mbele yangu linahitaji kitambaa. Mengine hayahitaji kabisa. Kama watazamaji watakaa uwanjani Tengeru saa kumi jioni na mlima umefunguka, kuwachorea mlima ni kuwatukana.

Hata hivyo pazia lilikuwa limeshapata wenyeji wengine, nje ya kumbi. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1980 na 1990 waliweka vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa: meli kubwa, ndege, majengo ya mji, milima. Msafiri alisimama mbele yake akapelekwa asikokwenda. Mafundi wale walijua jambo ambalo vyuo hulifundisha kwa kurasa nyingi, kwamba pazia halichorwi kwa ajili ya kutazamwa lenyewe, linachorwa ili mtu asimame mbele yake. Edward Saidi Tingatinga alilijua kwa njia yake. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadibodi, mnyama mmoja alijaza nafasi na nyuma yake palikuwa patupu, rangi moja iliyotulia. Weka mwigizaji mahali pa mnyama huyo, na utaelewa ni kiasi gani cha mlima kinahitajika.

Sasa mikono. Ukumbi wa shule au wa kanisa Arusha huwa na jukwaa lenye upana wa mita 6 hivi. Tuchukue pazia la mita 6 kwa 4. Kitambaa ni marekani, kile cha pamba kisichopaushwa, na fundi cherehani aunge vipande kwa mlalo. Mshono wa wima huonekana taa zikiwaka, mlima ukapata mstari usio wake. Mshono wa mlalo huvutwa na uzito wa kitambaa ukanyooka. Tandika sakafuni juu ya turubai, pigilia misumari midogo pembeni au bana kwa mirunda iliyofungwa fremu, kisha paka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi. Kitambaa kitalegea, na kikikauka kitajikaza kama ngozi ya ngoma. Asiyepaka gundi atakinywesha kitambaa ndoo nzima ya rangi na bado kitakuwa na kiu.

Mchoro mdogo uwe na sentimita 24 kwa 16, umegawanywa miraba ya sentimita 2. Hiyo ni miraba 12 kwa 8. Kitambaani kila mraba unakuwa na nusu mita, na mistari yake hupigwa kwa uzi wa mwashi uliopakwa chaki: wawili wanauvuta, wa tatu anaunyanyua katikati na kuuachia. Kinachobaki ni kuhamisha mraba kwa mraba, na hapo mwanafunzi asiyejua kuchora anaweza kuufikisha mlima kileleni bila kukosea. Wachora mabango wa Arusha hawahitaji kufundishwa hili. Watu waliozoea kukuza kichwa cha simba kijae ukuta wa duka wanayo macho ya kazi hii tayari, na ni bora kuwaita wao kuliko kumwita msanii wa fremu ndogo anayechora kwa kusogeza pua.

Brashi zifungwe kwenye mianzi ya mita moja. Mtu achore akiwa amesimama, kwa mkono mzima, kwa sababu anayepiga magoti atachora majani, na majani hayaonekani kutoka benchi la mwisho. Rangi ya maji ya kawaida ya ukutani inatosha, nyeupe ndoo moja, na rangi za kuchanganyia kidogo kidogo. Weusi kaa nao mbali. Giza la msitu litengenezwe kwa buluu na kahawia, maana nyeusi safi chini ya taa huonekana kama shimo kwenye kitambaa. Milima ya mbali iende buluu na ipauke kadiri inavyokwenda mbali, na hapa Arusha mwezi ni jambo la kuamuliwa: Februari vumbi linaifanya miteremko ipauke hata kwa karibu, Mei masika yakielekea mwisho hewa inakuwa safi na kila bonde linakatika kwa ukali. Igizo linalotokea Februari lisipewe mlima wa Mei. Ukitumia chokaa, jaribu kwanza kwenye kipande cha kando na usubiri kikauke, kwani chokaa mbichi inadanganya. Ikikauka hupauka sana.

Mstari wa upeo uwe kwenye kimo cha macho ya waliokaa, wala usiwe juu yake, na waigizaji wawekewe mpaka wa mita mbili kutoka kwenye pazia. Mwigizaji akiusogelea mlima uliochorwa anakuwa jitu, kichwa chake kinafika kwenye msitu, na kivuli chake kinapanda mpaka kileleni. Mwongozaji atalalamika kwamba jukwaa limepungua. Avumilie.

Wingu ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Mara nyingi Meru hufunguka alfajiri, hufunga kabla ya adhuhuri, na labda hufunguka tena jioni, na mtu wa Arusha anasoma siku yake hapo. Pazia moja lisilobadilika haliwezi kufanya hivyo, ila mapazia mawili yanaweza. Tundika mbele ya mlima kitambaa chepesi chenye matundu, kile cha mapazia ya dirishani au chandarua chakavu kisicholaliwa tena na mtu, kikiwa kimechorwa wingu kwa rangi nyepesi isiyoziba matundu. Taa zikiwa mbele na nyuma yake pakiwa giza, hadhira inaona wingu tu. Fundi taa akizipunguza za mbele na kuziwasha taratibu za nyuma, wingu linayeyuka na mlima unatokea ulipokuwa siku zote. Hakuna mashine wala kamba. Gharama yake ni kitambaa kimoja na fundi taa mwenye subira.

Ningependa kuona haya yote yakitumika kwenye igizo la Kesi ya Ardhi ya Meru, kwa sababu sijui kisa kingine kinachombana mchoraji hivi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili ardhi yao igawiwe kwa walowezi wachache wa Kizungu kuwa mashamba ya ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, Wameru waliamua kulipeleka shauri huko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York kuwasemea, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton kutoka Bermuda. Wawili hao walikiandika kisa chenyewe kitabuni mwaka 1967.

Ngare Nanyuki iko kaskazini-mashariki, upande ambao mvua inaufikia ikiwa imekwisha nguvu. Ni nchi ya nyasi na migunga. Mchoraji akiweka migomba nyuma ya tukio la kuhamishwa amewahamishia watu Nkoaranga, kwenye mvua, na mtazamaji Mmeru ataona kwamba ardhi inayogombewa si ile. Rangi ya chini hapa ni njano ya nyasi na kijivu cha udongo wa majivu, na kwa kuwa Novemba ni vuli, kijani kidogo kinachoanza mabondeni, kile ambacho mfugaji amekisubiri miezi mingi na sasa hatakilisha. Kijani hicho chembamba kina uzito kuliko moto wowote. Moto wenyewe usichorwe. Moto uliochorwa haujongei, na watu wanaokimbia mbele yake wanaonekana wanacheza. Uachiwe taa ya chini, nyekundu, ikipanda juu ya mlima, na mchoraji ajue mapema kwamba taa nyekundu hula kila chekundu kilichochorwa na kukifanya cheupe. Kama kuna kutu ya mwamba kwenye pazia, itatoweka saa hiyo, na mlima utabaki mfupa. Fundi taa na mchoraji wakikubaliana, kutoweka huko ndiko kunakotakiwa.

Kwa New York nisingechora kitu. Kuchora ukumbi wa Umoja wa Mataifa kwa rangi ya ukutani ni kujitafutia aibu, na zaidi ya hapo Kirilo Japhet hakwenda kule kutazama jengo. Alikwenda kuwaelezea watu mahali ambapo hawajapaona. Ningelishusha lile pazia la wingu, likamulikwa mbele, mlima usionekane kwa muda wote anaozungumza, ili hadhira ya Arusha, inayoujua, iuone kwa maneno yake tu. Fundi taa ashawishike vipi kutolifungua wingu wakati wa hotuba ni kazi ya mwongozaji, na itakuwa ngumu, maana kila mtu atataka mlima utokee kwa shangwe.

Siku hizi kuna njia ya mkato. Duka la uchapishaji litakutolea picha ya Meru kwenye bango la plastiki, ukubwa wowote, kwa muda mfupi, na shule nyingi zimeona hiyo ndiyo nafuu. Nimeyatazama mabango hayo yakiwa jukwaani. Plastiki inarudisha mwanga machoni mwa watazamaji, inakunjamana kwenye kona, na picha ina kila jani kwa ukali ule ule kiasi kwamba jicho halijui liangalie mtu au mti. Tena bango lina saa moja tu, ile aliyobonyeza mpiga picha. Ubaya mwingine ni kwamba limeondoa siku kadhaa ambazo watoto wangekaa sakafuni na chaki wakibishana kama bega la kushoto linashuka taratibu au kwa kasi, kisha wakatoka nje kuhakikisha.

Igizo likiisha, pazia likung'utwe vumbi na lizungushwe kwenye mrunda au bomba refu, uso wa rangi ukiwa nje. Likikunjwa kama shuka rangi hupasuka kwenye mikunjo, na mlima utarudi mwakani na mistari ya miraba isiyotakiwa. Litundikwe juu darini penye hewa, mbali na panya wanaopenda gundi. Marekani nzuri inapakwa mara nyingi: tabaka jembamba la nyeupe juu ya Momella, gundi kidogo tena, uzi wa chaki, na kitambaa kile kile kiko tayari kwa mtaa wa Kaloleni.